Ukungu wa Mzee Gathogo

Bango la kwanza nililoandika kwa mkono wangu mwenyewe mjini Thika lilisomeka PUCHA YA KAMENU. Lilikaa juu ya mlango siku mbili kabla mwenye bucha hajainua macho kuliangalia, na katika siku hizo mbili aliuza nyama kama kawaida, jambo ambalo nimelitumia kujitetea tangu wakati huo. Mimi ni Mbukusu. Kwetu B na P hutembea pamoja kama mapacha, na ni mwalimu mwenye kiboko tu anayeweza kuwatenganisha.

Nyinyi vijana wa duka la mabango la Ruiru, siku mliponiaga kwa ile keki iliyokosea jina langu, NAFLUA, mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ilivyokuwa kabla ya mashine. Nilisema sina la kuandika. Nilikuwa na keki mdomoni na sikutaka mazungumzo marefu. Brayo akauliza, "Mathe, kwani zamani mkikosea mlikuwa mnafuta aje?" Nikamjibu, kwa tapentaini na uongo. Mkacheka, mkadhani ni mzaha. Sasa nimekaa nyumbani wiki tatu, kuku wananijua kwa sauti, na nimeona heri niwaeleze vizuri.

Nilifika Thika kumfuata mume wangu aliyekuwa na kazi kiwandani. Karakana ya Mzee Gathogo ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya kinu cha unga pale Kamenu. Kinu kilikuwa kikitupulizia unga kutwa nzima, kwa hiyo kila bango letu la miaka ile lina mahindi kidogo ndani yake. Niliingia na ufagio wangu kuuliza kibarua cha kufagia. Mzee alikuwa amesimama mbele ya ubao wa nyumba ya kulala wageni, brashi sikioni, anautazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Ubao ulisema MARAZI SAFI NA CHAKURA.

"Wewe," akaniambia bila salamu, "unajua L?"

"Naijua."

"Basi wacha huo ufagio. Keti hapa. Kira nikimaliza neno, uniambie kama iko sawa."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mzee alikuwa Mkikuyu wa kutoka upande wa Gatanga, mwenye mkono usiotetemeka na ulimi usiojua tofauti ya L na R. Mimi nilimwokoa kwenye hizo mbili, yeye akaniokoa kwenye B na P. Kwa pamoja tulikuwa mtu mmoja aliyesoma. Jina langu lilimshinda mpaka mwisho: aliniita Navura, na akiwa na furaha aliniita maitu, yaani mama, ingawa alikuwa na umri wa baba yangu.

Brashi zake alizikata mwenyewe kwa wembe, na kila jioni alizipaka vaselini kama mtoto mchanga kabla ya kuzilaza. Alikuwa na kamba ya chaki ya kupigia mistari, na fimbo yenye kitambaa kilichofungwa nchani, ambayo aliegemeza mkono wake juu yake ili usiguse rangi mbichi. Mafunzo yake yalikuwa machache. La kwanza: angalia nafasi kati ya herufi, herufi zenyewe zitajitunza. La pili: kila baada ya neno, rudi nyuma hatua kumi uone ulichofanya. Hili la pili lilinitumbukiza mtaroni mara mbili mwaka wangu wa kwanza. La tatu: mteja akisema simba wake anafanana na mbwa, usibishane, ongeza manyoya shingoni.

Miaka ikaenda. Tuliandika mabango kutoka Thika mpaka Githurai. Kama uliwahi kula githeri chini ya picha ya twiga mwenye miguu mifupi, pole, ubao ulikuwa umeisha.

Sasa niwaeleze kazi moja iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Ilikuwa wakati ule barabara kuu inapanuliwa na vumbi limefunika kila kitu. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mama wa watoto watatu, na Mzee alikuwa amepita sabini. Nilianza kuona mambo. Alikuwa akiniuliza maandishi ya kwenye mikebe yanasemaje, eti yameandikwa madogo siku hizi. Halafu kulikuwa na duka la fundi cherehani njiani, na nje lilikuwa na sanamu ya plastiki ya kuonyeshea nguo. Kwa wiki nzima Mzee aliisalimia kila asubuhi. Jumamosi akaja amekasirika. "Yule mama wa kitenge ana maringo! Namwambia wĩmwega, ananyamaza!"

Nilimwambia aende hospitali. Akakataa katakata. Jirani yake wa Witeithie alikuwa amemweleza kwamba daktari huling'oa jicho, akaliosha ndani ya karai, kisha akalirudisha, na kuna watu ambao limerudishwa likiangalia ndani. "Nitaona nini huko ndani?" Mzee akauliza. "Maini?"

Wiki hiyohiyo ndipo alipokuja Mwalimu Wambui. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi mpya wa kanisa kuu la jimbo. Kanisa lenyewe sitalitaja. Lina mnara mmoja wa mawe na limekaa juu ya kilima pale Ruiru, na ukiwa mashambani upande wa Murera unaliona ng'ambo ya kahawa. Mwalimu aliingia na kalenda kwapani, akafagia kiti kwa leso, akakaa.

"Tunataka picha kubwa ya kutundika ukumbini," akasema. "Mandhari ya kanisa letu. Baba Askofu mwenyewe ataifunua. Staili tunayotaka ni hii." Akampa Mzee kalenda. Ilikuwa picha ya kanisa la Ulaya: ziwa mbele, milima ya theluji nyuma, bata weupe wenye shingo ndefu, na anga la buluu kama sare ya shule. "Na iwe ya furaha. Hatutaki mawingu."

Mzee aliishika kalenda akaitazama kwa heshima kubwa. "Mrima mzuri sana," akasema.

Alikuwa ameishika juu chini. Nikaigeuza taratibu mikononi mwake, nikijifanya naangalia tarehe.

"Lakini Mwalimu," nikasema, "sisi ziwa tutalitoa wapi?"

"Si kuna lile bwawa la kunyunyizia kahawa?"

"Na bata?"

"Wasanii ni nyinyi," akasema Mwalimu, akaondoka.

Nilifunga mlango. Nikamwambia Mzee tukatae hiyo kazi, nitampigia Mwalimu simu niseme tuna mabango mengi. Akakaa juu ya mkebe wa rangi. Kinu kilikuwa kimesimama, kwa hiyo nilimsikia vizuri.

"Navura, nimeandika CHOO mara elfu," akasema. "Nimeandika MBWA MKALI kwa watu hawana hata paka. Maisha yangu yote hakuna mtu amewahi kuniambia, Gathogo, chora kitu. Kabla macho hayajafunga duka, wacha nichore kitu moja haina herufi ndani. Wakijua sioni, watapatia mtu mwingine. Utaniambia nini?"

Ningemwambia nini? Nikamwambia nitachemsha chai.

Asubuhi tatu tulienda Murera, tukakaa kwenye ukingo wa shamba la kahawa. Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya kuuma masikio. Mzee alijifunika makoti mawili, akainua uso kuelekea kilimani.

"Niambie," akasema.

"Kuna kanisa."

"Hata kipofu anajua kuna kanisa. Ukungu inaanzia wapi?"

Nilikuwa nimefanya kazi ya rangi zaidi ya miaka ishirini, na ninawaambia ukweli, siku hiyo ndiyo niliyoangalia kitu kwa mara ya kwanza. Ukungu ulianzia kwenye mizizi ya kahawa ukapanda polepole. Ulikuwa umemeza kilima chote na nusu ya kanisa. Mnara ulionekana kuanzia katikati kwenda juu, bila miguu, kama uliofungwa kwa kamba kutoka mbinguni. Nikamweleza yote hayo. Akacheka.

"Mimi naona hivyo hivyo," akasema. "Si kanisa peke yake. Wewe, na hii kahawa, na mkono wangu. Leo, maitu, mimi na wewe tunaona sawa."

"Na ile anga ya buluu ya Mwalimu?"

"Ataiona kwa karenda yake."

Basi tukarudi Kamenu tukaanza. Nilipigilia misumari midogo kwenye kingo za ubao na kukaza nyuzi kutoka upande hadi upande: uzi mmoja wa kilima, mmoja wa bwawa, mbili za kusimama za mnara. Mzee alizipapasa kwa vidole vya mkono wa kushoto na kuchora kwa wa kulia. Mikebe niliipanga kwa utaratibu usiobadilika, kutoka kushoto: nyeupe, kijivu, buluu, kijani, kahawia. Hakuhitaji kusoma. Alihesabu tu, kama mtu anayepanda ngazi za kwake. Mteja akipita, mimi nilishika brashi nikajifanya namsaidia, na yeye alisimama nyuma na kusema kwa ukali, "Hapana, hapo bado!"

Siku ya kuchora ukungu wenyewe nilikosea. Tulikuwa na ubao wa saluni moja ya Juja iliyotaka zambarau, na nilipoosha vitu nikaurudisha mkebe wa zambarau mahali pa kijivu. Kisha nikaenda kuchukua chai. Niliporudi Mzee alikuwa akiimba wimbo wa zamani kwa pua, na alikuwa amemaliza. Ukungu wote wa Murera, kutoka kwenye kahawa mpaka shingo ya mnara, ulikuwa wa rangi ya maua ya jakaranda yaliyochanganywa na maziwa.

Nilifungua mdomo nimwambie. Kisha nikaangalia tena. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikaangalia mara ya tatu. Sijui niwaelezeje. Ilikuwa baridi. Ubao wa mbao, ndani ya chumba cha mabati chenye joto, nami nikavuta kitambaa changu mabegani.

"Kijivu imekaa aje?" akauliza.

"Imekaa vizuri, Mzee."

Hapo ndipo uongo ulipoingia, na mnaona jinsi ulivyo mdogo.

Bata tuliwachora wawili, kwa ajili ya Mwalimu. Nilimwongoza mkono hadi kwenye bwawa, akaweka michirizi miwili myeupe. Kwa kweli ni vigumu kusema ni nini. Mwalimu mpaka leo anawaita bata. Baadhi ya waumini husema ni wanawake wa kuchuma kahawa wamebeba magunia. Mume wangu alisema ni karatasi za plastiki.

Mwalimu akatuma habari kwamba anakuja kukagua. Tulipanga mambo na Mzee: mimi ningesimama nyuma, na Mwalimu akionyesha mahali na kuuliza, ningekohoa. Kikohozi kimoja ni anga, viwili ni mnara, vitatu ni bwawa. Tulifanya mazoezi asubuhi nzima mpaka mwenye kinu akaja kuuliza kama tuko wazima.

Mwalimu alisimama mbele ya picha kwa muda, akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nadhani alikuwa ameisahau, lakini ilinitia wasiwasi.

"Mbona hapa hapaonekani vizuri?" akauliza, akigusa ubao.

Nikakohoa mara mbili.

"Mnara, Mwarimu," akasema Mzee, "haitakiwi kuonekana yote. Mungu mwenyewe haonekani yote."

Hilo halikuwa kwenye mazoezi. Mwalimu akaitikia kwa kichwa polepole. "Na hapa?"

Nikakohoa mara tatu.

"Hao ni bata wako."

"Aa. Na hapa je?" Nilikuwa navuta pumzi ya kukohoa alipogeuka na kunitazama kwa huruma. "Huyu mama ana kifua kibaya! Ni hili vumbi la barabara. Chukua." Akafungua mkoba, akanitia mdomoni peremende ya dawa, kali kiasi cha kutoa machozi. Koo langu likafunguka kama njia ya Jumapili. Nilijaribu kukohoa, ikatoka pumzi tupu yenye harufu ya mnanaa. Mwalimu bado alikuwa ameweka kidole juu ya picha, anasubiri.

Mzee alisubiri kikohozi. Hakikuja. Akavua kofia, akaiweka kifuani.

"Hapo, Mwarimu," akasema, "wewe niambie unaona nini."

Mwalimu alikaza macho. Kidole chake kilikuwa juu ya ukungu mtupu. Alikisogeza polepole mpaka nikasikia kinu kikibadilisha mlio.

"Naona asubuhi nilipokuwa nikienda shule," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa nyingine. "Tulikuwa tunavuka mashamba na ndugu yangu. Ukungu ulikuwa mzito, tunashikana mikono tusipotezane." Akafunga kalamu. "Hatukukubaliana kuhusu mawingu. Lakini wacheni ibaki."

Siku ya kufunua, ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa nimempeleka Mzee mapema, nikamhesabia hatua: kutoka kiti chake, sita mbele, picha iko mkono wa kushoto. Kisha nikapelekwa kukaa nyuma na akina mama. Baadaye kidogo Mwalimu akaona jua la dirishani linaipiga picha vibaya, akaagiza ihamishwe upande wa kulia. Mahali pake pakawekwa meza yenye birika kubwa la chai. Niliona yote hayo yakitendeka, na kati yangu na Mzee kulikuwa na safu kumi na mbili za watu na kwaya.

Baba Askofu alivuta kitambaa. Watu wakasema "aaah", kisha wakanyoosha shingo, kwa kuwa haikuwa kama kalenda yoyote waliyowahi kuiona. Ndipo Askofu, mtu mnyenyekevu, akasema angependa kumsikia mchoraji mwenyewe. Mzee akasimama. Akapiga hatua sita. Akageuka kushoto, akanyoosha fimbo yake ya kazi kuelekea birika la chai.

"Hapa chini," akasema kwa sauti ya kujiamini, "mnaona ukungu ikipanda porepore."

Na kweli, mvuke ulikuwa ukipanda.

"Hapa juu ni mnara. Iko imara, lakini utaona kama inaelea." Fimbo ilikuwa juu ya kifuniko cha birika. "Na hapa pembeni ni wale bata." Pembeni palikuwa na mandazi.

Hakuna aliyecheka. Watu walitazama birika, wakatazama picha, wakatazama birika tena. Niliona Mwalimu Wambui akitia mkono mdomoni. Mimi nilitamani ardhi ya Ruiru ifunguke. Nikaanza kusukuma magoti ya watu nipite, nikijua sitafika.

Baba Askofu alishuka jukwaani. Akamwendea Mzee bila haraka, akamtazama usoni kwa karibu, kisha akamshika mkono wenye fimbo na kuugeuza taratibu mpaka upande wa pili.

"Mzee," akasema kwa nguvu, ili wote wasikie, "chai tutaifikia. Tuanze na huku."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walidhani Mzee alikuwa akiwatania tangu mwanzo, na wakampigia makofi. Askofu hakuuachia ule mkono. Alisimama naye hivyo, akiongoza fimbo kidogokidogo, huku Mzee akieleza ukungu, kahawa, na mnara usiokuwa na miguu, na alieleza vizuri kiasi kwamba mama aliyekaa kando yangu alifuta macho kwa kanga. Nilimwona Askofu akimnong'oneza kitu sikioni. Baadaye Mzee aliniambia ni nini: "Kesho gari langu litakuja kukuchukua, na usiniambie habari za karai." Mpaka leo sijui nani alikuwa amemweleza habari za karai. Ninamshuku Mwalimu.

Hospitali walisema ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Mzee akawajibu kwamba watoto wanne alionao nyumbani wanamtosha. Walimfanyia upasuaji jicho moja, halafu la pili, na siku walipomtoa bandeji aliniangalia muda mrefu. "Navura," akasema, "umezeeka." Nikalia kwa furaha, na kwa hasira kidogo.

Alitaka kwenda moja kwa moja kuona picha yake. Nilimpeleka, nikitembea hatua moja nyuma yake. Akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Nani amemwaga juisi ya zabibu kwa ukungu yangu?"

Nikamweleza kuhusu mkebe wa saluni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nilikuuliza kijivu imekaa aje," akasema. "Ukaniambia vizuri."

"Ilikuwa vizuri, Mzee. Niliona ni nzuri kuliko kijivu."

"Nzuri ya nani? Yako ama yangu?"

Vijana, katika kazi hii mtasahihishwa na wateja, wakubwa, na mvua, lakini hilo ndilo swali lililonikalisha chini. Yeye ndiye aliyekuwa gizani, mimi ndiye niliyekuwa na macho, na nilikuwa nimemchagulia. Wiki nzima hakuniita Navura wala maitu. Aliniita "wewe". Maandishi yake aliyasahihisha mwenyewe, na ndiyo maana pale karibu na mto Chania palikuwa na ubao wa VIPULI VYA BAISKERI kwa miaka mingi.

Jumatatu iliyofuata mtunza ukumbi alinipigia simu. "Mzee wako yuko hapa. Anasema umemtuma kupangusa vumbi kwa picha. Amekuja na ngazi."

Nilipofika alikuwa juu kabisa, ulimi nje, brashi ndogo mkononi. Tayari alikuwa amemaliza dirisha moja la mnara: mistari myeusi iliyonyooka, vioo sita vya mraba, safi kama herufi za bango la benki. Katikati ya ule ukungu lilikuwa kama mtu aliyevaa suti kwenye bwawa la kuogelea.

"Shuka, Mzee."

"Imebaki moja tu."

"Yamebaki kumi na moja."

"Ndiyo. Imebaki moja moja."

Nikaishika ngazi. Sikuitikisa, ingawa aliwaambia watu wote wa Kamenu kwamba niliitikisa. Nilisema tu, "Samahani. Ningekuambia. Ilikuwa haki yako kuchagua." Akaitia brashi mfukoni. Kisha akashuka, goti moja baada ya lingine, akaenda kuketi kwenye benchi la mwisho kabisa ukumbini, mbali. Nikaketi kando yake.

Akaiangalia kwa yale macho yake mapya. Sikumharakisha. Kwaya ilikuja, ikafanya mazoezi ya nyimbo mbili, ikaenda.

"Kutoka hapa," akasema mwishowe, "inaleta baridi."

"Ndiyo."

"Kama Murera ile asubuhi."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi wacha ikae." Akanyanyuka, akapangusa suruali. "Lakini dirisha yangu sifuti."

Hakulifuta. Mwaka mmoja au miwili baadaye tulikuwa kwenye ukumbi huohuo tukiandika JIKONI kwenye mlango wa jikoni, mimi nikishika mkebe. Akaingia mhadhiri mmoja kutoka chuo kikuu na wanafunzi wake, wakasimama mbele ya picha. Alizungumza nusu saa. Alisema mchoraji huyu ameikataa mipaka, kwamba mnara hauna msingi kwa sababu imani haishikiki, na kwamba ukungu wa zambarau ni uamuzi wa kijasiri wa mtu aliyeona mbali. Mzee aliendelea kuandika herufi ya K taratibu sana. Masikio yake yalikuwa yamesimama kama ya sungura.

"Ila tazameni hapa," akasema mhadhiri, akionyesha dirisha. "Hii ni kazi ya mkono mwingine kabisa. Mtu asiyejua kitu amekuja baadaye akaharibu. Inasikitisha."

Brashi ya Mzee ikasimama. Nikamwona akivimba shingo, nikajua litatoka neno. Akageuka, akavua kofia.

"Ni kweri, mwarimu," akasema kwa huzuni. "Ni huyu mama. Nirimkataza."

Wanafunzi wote wakanigeukia. Msichana mmoja akaandika kitu kwenye daftari. Nilimtazama Mzee. Alikuwa amerudi kwenye mlango wake, anamalizia mkia wa K, mabega yakimtikisika.

"Poleni," nikasema. "Nilikuwa bado najifunza."

Mzee Gathogo alifariki kitandani kwake, akiona vizuri mpaka mwisho na akilalamikia maandishi ya kwenye dawa. Kabla sijaacha kazi, paroko mpya aliniita niisafishe ile picha, vumbi na moshi wa miaka mingi. Nilipomaliza akaja kuangalia, akaweka kidole pale mnarani, akaniambia kwa upole kwamba amesikia historia yake, haya makosa ya ujana, na kama ningependa kuliondoa lile dirisha sasa, hakuna atakayenilaumu.

Nikamshukuru. Nikamwambia nililichora mwenyewe, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.